Mwongozo wa kusoma kompyuta za biashara chuoni: sentensi kwanza, mchoro baadaye

Mwanafunzi wa kompyuta za biashara huanza na masomo mawili yasiyosalimiana: huku uhasibu, kule programu. Anasoma kila moja kivyake na kufaulu yote mawili, kisha anafika kwenye uundaji wa modeli za data, yaani kuchora taarifa ambazo biashara inazihifadhi na jinsi zinavyohusiana, na kukuta kwamba sasa anatakiwa kuyaoanisha. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanajua kuchora maboksi, wanajua kuandika SQL, lugha ya hifadhidata, ila mchoro wao hauelezi biashara yoyote unayoweza kuingia ukaikuta inafanya kazi.

Nimesahihisha michoro mingi ya aina hiyo, na dawa ninayoiamini ni moja. Kila mstari kwenye mchoro ni sentensi kuhusu biashara. Kama huwezi kuisema sentensi hiyo kwa sauti mbele ya karani wa mauzo, naye akaitikia au akakubishia, basi mstari huo bado hujaujua. Hatua zifuatazo zote zinatoka hapo. Mfano wangu utakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho: kampuni inayouza vipuri vya mashine kwa jumla.

Hatua ya 1: Fuata hati moja hadi mwisho wake

Usianze na kompyuta. Anza na muamala mmoja: mteja anaagiza, ghala linatoa mzigo, mzigo unakabidhiwa, ankara inatolewa, malipo yanaingia, mhasibu anaandika kwenye leja. Kila kituo kina hati yake. Tafuta nakala za hati hizo, hata zikiwa tupu, na uzisome nafasi moja baada ya nyingine. Nani hujaza hapa? Anaijaza lini? Taarifa anaitoa wapi? Na akikosea, anafanyaje?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Ukimwuliza mhasibu namna ya kurekebisha ankara yenye kosa, atakwambia ankara iliyokwisha kutolewa haifutwi. Inatolewa hati ya krediti inayopunguza deni, na zote mbili zinabaki kwenye kumbukumbu. Kwa jibu hilo moja umepata jedwali jipya, uhusiano mpya, na sheria kwamba ankara haifutwi kwenye hifadhidata. Hakuna kitabu cha SQL ambacho kingekupa hilo.

Soma pia misingi ya uhasibu wa maingizo mawili, ambamo kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti, hata kama mtaala wako umeupitia juu juu. Luca Pacioli aliuchapisha mjini Venice mwaka 1494, na kanuni yake haijabadilika: kwa kila muamala, jumla ya debiti ni sawa na jumla ya krediti. Kwa macho ya mwanafunzi wa data, hilo ni sharti la uadilifu, yaani kanuni inayozuia data isiyolingana, lililotangulia kompyuta kwa karne nyingi.

Hatua ya 2: Andika sentensi

Chukua karatasi uandike unachokijua kwa sentensi fupi, moja moja. Usichore bado.

Mteja hutoa oda. Oda moja inaweza kuwa na bidhaa nyingi. Bidhaa moja inaweza kukaa kwenye maghala kadhaa. Mteja anaweza kulipa ankara kwa mafungu.

Sentensi ishirini au thelathini za aina hii zinatosha kwa kazi ya muhula mmoja. Epuka vitenzi vilegevu. "Mteja anahusiana na oda" haisemi kitu, kwa sababu hata fundi aliyeifunga mashine ya mteja anahusiana na oda. Andika hutoa, hupokea, huidhinisha, hulipa, hurudisha. Kitenzi kikiwa sahihi, nusu ya mchoro imekwisha.

Ukikosa pa kuanzia, tumia mpango wa mwaka 1982 wa William McCarthy, mtaalamu wa uhasibu, aliyetazama kazi hiyo kwa maswali matatu: rasilimali ni zipi, matukio ni yapi, na wahusika ni nani? Kwenye kampuni yetu rasilimali ni vipuri na fedha. Matukio ni kuuza, kupokea malipo, kununua. Wahusika ni wateja, wasambazaji na wafanyakazi. Wanafunzi huona rasilimali na wahusika upesi, lakini matukio huwapita, kwa kuwa tukio halishikiki kwa mkono. Nayo matukio ndiyo yanayobeba fedha.

Hatua ya 3: Tenganisha kitu, aina ya kitu, na nafasi anayoishika mtu

Nomino zilizo kwenye sentensi zako ndizo zitakazokuwa huluki, yaani vitu ambavyo biashara inataka kuvikumbuka. Zichunguze moja moja kabla ya kuziwekea boksi.

Neno "bidhaa" pekee linaweza kuficha mambo mawili. Kuna pampu ya modeli fulani kama ilivyo kwenye katalogi, na kuna pampu hii hapa yenye namba yake iliyogongwa kwenye chuma, ambayo imeuzwa na ina dhamana. Ya kwanza ni aina, ya pili ni kipande. Kama kampuni inatoa dhamana kwa kila kipande, unahitaji majedwali mawili. Kama inauza boliti kwa kilo, hakuna anayefuatilia boliti moja moja, na jedwali la vipande litakuwa mzigo mtupu. Jibu linatoka kwenye biashara.

Upande wa watu, jihadhari na majedwali ya Mteja na Msambazaji yaliyokaa mbalimbali. Kampuni ileile inaweza kukuuzia leo na kununua kwako kesho. Ukiwa na majedwali mawili, anwani yake inakaa mara mbili, nayo itabadilishwa upande mmoja na kusahaulika upande wa pili. Hata SAP, kampuni ya programu za biashara iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972, kwa miaka mingi iliweka taarifa za wateja kwenye jedwali la KNA1 na za wasambazaji kwenye LFA1. Toleo la programu yake liitwalo S/4HANA, lililotoka mwaka 2015, limewaweka wote chini ya dhana moja ya mshirika wa biashara anayeweza kushika nafasi zaidi ya moja.

Hatua ya 4: Sasa chora, na usome kila mstari pande zote mbili

Mchoro wa huluki na uhusiano ulielezwa na Peter Chen mwaka 1976. Vyuo vingi leo hutumia alama ya mguu wa kunguru, ambayo ncha ya mstari hugawanyika vidole vitatu kuonyesha "nyingi", kwa sababu ni rahisi kusomeka kwenye karatasi. Tumia ile anayoitaka mhadhiri wako. Mbishano wa alama hauna faida.

Lenye faida ni kusoma. Kila mstari una maswali manne: kwa kila upande, kiwango cha chini ni kipi na cha juu ni kipi? Kati ya mteja na ankara utasoma hivi: mteja mmoja anaweza kuwa hana ankara hata moja, au akawa nazo nyingi, ankara moja lazima iwe ya mteja mmoja, wala si zaidi. Isome kwa sauti. Mwenzako wa kundi akae na zile hati za hatua ya 1 na ajaribu kukubishia.

Kiwango cha chini ndicho kinachosahaulika. Mteja asiye na ankara anaruhusiwa? Ukisema hapana, umeifanya kampuni ishindwe kumsajili mteja kabla hajanunua. Huo ni uamuzi wa kibiashara, nawe umeufanya kwa kukosea alama ndogo ya duara, inayomaanisha sifuri.

Hapa nikae kidogo kwenye malipo, kwa sababu ndiyo kasoro ninayoiona kila muhula. Mwanafunzi anaweka kwenye jedwali la ankara safu ya "imelipwa", ndiyo au hapana, kisha anaendelea. Rudi kwenye sentensi. Mteja anaweza kulipa ankara moja kwa mafungu matatu. Mteja huyohuyo anaweza kutuma fedha mara moja na kusema zigawanywe kwenye ankara zake tano za zamani. Anaweza pia kulipa kabla ya ankara kutolewa. Kwa hiyo ankara moja ina malipo mengi, na malipo mamoja yana ankara nyingi. Uhusiano wa wengi kwa wengi hauwezi kuwekwa moja kwa moja kwenye majedwali; unahitaji jedwali la katikati. Liite Mgawanyo wa Malipo, lenye namba ya malipo, namba ya ankara, na kiasi kilichoelekezwa hapo. Deni la ankara ni jumla yake ukiondoa migawanyo yake na hati zake za krediti. Malipo ambayo hayajagawanywa bado ni fedha za mteja zilizo mkononi mwa kampuni, na mhasibu atataka kuziona.

Tazama yaliyotokea: jedwali la katikati, ambalo vitabu hulitaja kama mbinu ya kiufundi, limegeuka kuwa kazi halisi ambayo mtu wa ofisi ya fedha huifanya kila siku. Karibu kila mara iko hivyo. Ukipata uhusiano wa wengi kwa wengi, tafuta hati au kazi iliyojificha katikati yake, uipe jina ambalo ofisi inalitumia.

Hatua ya 5: Chagua funguo

Ufunguo mkuu ni kile kinachotofautisha rekodi moja na nyingine. Usitumie namba ya simu wala baruapepe; watu hubadilisha, na wakati mwingine wawili hutumia moja. Namba inayozalishwa na mfumo ni salama, lakini haikuondolei wajibu wa kujua kitambulisho cha asili. Ukiweka namba ya mfumo tu, bila sharti la upekee kwenye namba ya katalogi, kipuri kilekile kitaingizwa mara mbili na hifadhidata haitalalamika.

Hatua ya 6: Sawazisha majedwali, ukijua sababu

Edgar F. Codd wa IBM alitoa modeli ya uhusiano, inayopanga data kwa majedwali, mwaka 1970, na mwaka uliofuata akaeleza maumbo sanifu, la pili na la tatu, yaani viwango vya kupanga majedwali ili taarifa isirudiwe ovyo. Wanafunzi huyakariri kama dua. Ni afadhali uyaone yakifanya kazi kwenye lahajedwali moja.

Chukua lahajedwali lenye safu hizi: namba ya ankara, tarehe, namba ya mteja, jina la mteja, simu ya mteja, namba ya bidhaa, jina la bidhaa, kiasi, bei. Ufunguo ni namba ya ankara pamoja na namba ya bidhaa. Jiulize kwa kila safu: nikitaka kukijua hiki, nahitaji kujua nini?

Kujua jina la bidhaa nahitaji namba ya bidhaa tu, ankara hainihusu. Jina hilo limetegemea nusu ya ufunguo, basi linahamia jedwali la Bidhaa. Tarehe na mteja vinategemea ankara tu. Vinahamia jedwali la Ankara. Hilo ni umbo la pili. Sasa ndani ya Ankara, simu ya mteja haitegemei ankara yenyewe, inamtegemea mteja aliyetajwa humo. Inahamia jedwali la Mteja pamoja na jina la mteja, na hilo ni umbo la tatu. Kilichobaki kwenye mstari wa ankara ni kiasi na bei.

Kuna mtego hapo. Je, bidhaa ileile inaweza kutokea mara mbili kwenye ankara moja? Inaweza: vipande kumi kwa bei ya kawaida na kimoja cha nyongeza bila malipo. Basi ufunguo wa namba ya ankara na namba ya bidhaa umevunjika, na unahitaji namba ya mstari. Ndiyo maana hati za biashara huwa na kichwa na mistari yenye namba. Ukifungua mfumo wa SAP utakuta mpangilio huohuo kwenye oda za mauzo: VBAK ni kichwa, VBAP ni mistari yake.

Hatua ya 7: Weka muda ndani ya modeli

Mwanafunzi aliyejifunza kusawazisha vizuri atakuja na hoja: bei ipo tayari kwenye jedwali la Bidhaa, kwa nini niirudie kwenye mstari wa ankara? Anaifuta, anajisikia fahari, na amevunja biashara. Siku bei ya pampu ikipanda, ankara zote za mwaka jana zitaonyesha bei mpya, na hakuna hesabu itakayolingana na fedha zilizopokelewa.

Kosa hilo niliwahi kulifanya mwenyewe kwenye mradi wa kweli, si kwa bei bali kwa anwani. Niliweka anwani moja kwa kila mteja, na ankara ikawa inaisoma kutoka hapo. Mteja alipohama, ushahidi wa mahali mizigo ya zamani ilikopelekwa ulipotea. Ilinibidi kuurudisha kutoka kwenye makaratasi ya ghala, hati baada ya hati.

Bei ya sasa ya bidhaa na bei iliyotozwa siku ile ni taarifa mbili tofauti zilizokutana kwa namba. Ya kwanza inaweza kubadilika. Ya pili ni tukio lililokwisha kutokea. Kwa kila safu jiulize: ikibadilika kesho, yaliyopita nayo yabadilike? Ukijibu hapana, inakiliwe kwenye hati, au iwekwe kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Hatua ya 8: Ijenge, kisha ijaribu kuiharibu

Mchoro usiojengwa hausahihishiki. PostgreSQL na SQLite, programu za hifadhidata, zote ni za bure na zinatosha kwa kazi yoyote ya chuo. Andika masharti ndani ya hifadhidata yenyewe, usiyaachie programu.

```
CREATE TABLE mstari_wa_ankara (
  namba_ya_ankara INTEGER NOT NULL REFERENCES ankara,
  namba_ya_mstari INTEGER NOT NULL,
  namba_ya_bidhaa INTEGER NOT NULL REFERENCES bidhaa,
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  bei_iliyotozwa NUMERIC(12,2) NOT NULL
    CHECK (bei_iliyotozwa >= 0),
  PRIMARY KEY (namba_ya_ankara, namba_ya_mstari)
);
```

Kila neno hapo ni sentensi ya hatua ya 2 iliyovaa nguo nyingine. Halafu ingiza data mbaya makusudi: ankara isiyo na mteja, kiasi cha hasi tano, malipo yaliyogawanywa kuzidi thamani yake. Mbili za mwanzo zitakataliwa ukiwa umeweka masharti vizuri. Ya tatu haikamatiki kwa CHECK ya kawaida, kwa kuwa inahitaji kujumlisha rekodi nyingi. Hapo utalazimika kujifunza triga, yaani kanuni inayojiendesha yenyewe data inapobadilika, au kuiandika kama kanuni inayosimamiwa mahali pengine. Iandike kwenye ripoti. Msahihishaji hufurahi kuona unajua mipaka ya chombo chako.

Mambo manne ya kiufundi yanayowakamata watu hapa. Kwanza, SQLite kwa kawaida haikagui funguo za nje, yaani safu zinazoelekeza kwenye jedwali jingine kwa REFERENCES, mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON kwenye kila muunganisho. Pili, usihifadhi fedha kwa namba za nukta elea, ambazo huhifadhi desimali kwa makadirio. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo hupata 0.30000000000000004. Tumia desimali kamili, na kwa kuwa SQLite haina desimali ya kweli, humo hifadhi senti kama namba nzima. Weka na safu ya sarafu, kwa herufi tatu za ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha majina ya sarafu. Tatu, namba ya simu ni maandishi, kwa sababu sifuri ya mwanzo ina maana na hakuna anayejumlisha simu. Nne, NULL maana yake ni kwamba haijulikani. Ukitafuta wateja ambao mji wao si fulani, wasio na mji uliojazwa hawatatokea kwenye majibu, na ripoti yako itapungukiwa bila kukuonya.

Hatua ya 9: Panda hadi ngazi ya kampuni nzima

Modeli ya idara moja unaweza kuimaliza kwa wiki kadhaa. Ya kampuni nzima ni kazi nyingine, na ugumu wake uko kwenye maneno. Waulize watu wa mauzo wana wateja wangapi, kisha waulize wa fedha na wa ghala. Utapata majibu matatu, yote ya kweli. Kwa mauzo, mteja ni yeyote aliyeomba bei. Kwa fedha, ni mwenye akaunti ya deni. Kwa ghala, ni mahali pa kupeleka mzigo, na kampuni moja yenye matawi sita ni wateja sita.

Usiwalazimishe wakubaliane kwa neno moja. Andika kamusi ya istilahi: kila neno, maana yake, idara inayolimiliki, na mfano wa rekodi inayoingia na isiyoingia. Safu ya mifano isiyoingia ndiyo inayomaliza mabishano. Kisha toa majina tofauti: mwombaji wa bei, mwenye akaunti, kituo cha kupokelea. Utakutana pia na mpangilio wa John Zachman wa kuelezea mifumo ya kampuni, ulioanza mwaka 1987, ambao baadaye ulipanuliwa kuwa jedwali la maswali ya nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Utumie kukagua ulichosahau. Usijaze kila kisanduku ili tu kijae.

Ghala la data, yaani hifadhidata ya kukusanyia data za ripoti, lina umbo lake, lile la nyota: jedwali la matukio katikati, na vipimo, yaani pande za kuchambulia kama tarehe, bidhaa na mteja, pembeni. Kabla ya kuchora, andika sentensi moja: rekodi moja ya katikati inawakilisha nini? "Mstari mmoja wa ankara" ni jibu. "Mauzo" si jibu.

Hatua ya 10: Utetezi

Siku ya kuwasilisha, usiwapitishe wasahihishaji kwenye boksi moja baada ya jingine. Beba hati moja iliyojazwa, ile ya hatua ya 1, na uipitishe kwenye modeli mbele yao: namba hii inakaa hapa, jina hili hapa, saini hii ya mpokeaji hapa. Kisha chukua hati ya pili, yenye tatizo: mzigo uliorudishwa nusu baada ya ankara kulipwa yote. Onyesha hati ya krediti ikizaliwa, na fedha iliyobaki ikisubiri kugawanywa. Fanya jaribio hilo wiki mbili kabla, mkiwa kundi zima, na kila mmoja aeleze sehemu ambayo hakuichora yeye. Palipo na kigugumizi, rudini kwenye sentensi zenu, kwa maana bado kuna muda wa kumwuliza mhasibu.